Faili Lililofunga Kabla ya Mwezi

Siku nne kabla ya mfungo, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
Badi anaingia dukani na flashi kiganjani
kama mtu aliyebeba yai.
Ratiba ya msikiti. Nakala elfu mbili. Kesho alasiri.

Naichomeka. Nabonyeza mara mbili.
Mashine inakohoa, inafikiri,
kisha inanijibu kwa adabu ya karani wa mahakama:
faili hili limetengenezwa kwa toleo jipya kuliko lako.

Limefunga, namwambia Badi.
Mwezi haujaandama, lenyewe limeshafunga,
na mimi sina cha kulifungulia.

Alilitengeneza shemejiye, Nasoro, huko Maskati,
kwa programu ya mwaka huu, ile inayolipiwa kila mwezi.
Yangu ni ya mwaka niliomzaa Mwanamkasi,
na Mwanamkasi yuko kidato cha pili.
Niliinunua pamoja na kiti na feni isiyozunguka.
Haidai kitu. Haijui kitu.

"Si ubadilishe jina tu," anasema Badi,
"pale mwishoni, baada ya nukta?"
Nimeshajaribu, ndugu yangu, miaka na miaka.
Kanzu huvaliwa na yeyote; kuswalisha ni kwingine.

Tunampigia Nasoro. Sauti inakuja vipande vipande.
Lihifadhi upya, namwambia, kwa umbo la kushushia,
lile la watu wa chini.
Anacheka. "Kwani nyie bado mnatumia hilo?"
Aliyehama hilo ndilo swali lake
kwa aliyebaki.

Likaja baada ya isha. Likafunguka,
nusu.
Maandishi yote yamepakwa waridi kama ukuta wa saluni,
maana yake: herufi hizi huna, nimekuazima zangu.
Za kuazima ni nene. "Imsaki" imekatika,
"imsa" juu, "ki" chini.
Na pale kwenye pambo la hilali
pana kisanduku chenye mistari miwili iliyokatana.
Badi anakitazama muda mrefu.
Si msalaba, namwambia. Ni picha iliyopotea njiani.

ratiba_mwisho.
ratiba_mwisho_kabisa.
ratiba_mwisho_wallahi.

Saa nne usiku natoa karatasi moja ya kukagulia.
Shebughe wa mtambo, Mkristo wa Magila,
anasoma kwa sauti, mimi natia alama kwa penseli:
nane, kumi na mbili na thelathini na mbili.
Tisa, kumi na mbili na thelathini na mbili.
Anasoma polepole, kama anayehesabu hela za mtu mwingine.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Kimya.
"Mbona mwezi wenu umeishia hapa?"

Chini ya jedwali, pembeni, alama nyekundu ya kujumlisha,
ndogo kama kiroboto:
kuna kilichobaki ndani, kimekosa nafasi.
Herufi nene zimeisukuma siku ya thelathini nje ya ukurasa.
Mashine imeandamisha mwezi
bila kupanda paa, bila shahidi, bila redio.

Na mji huu ninaujua.
Mwaka juzi mjomba alikula Idi Jumanne,
mdogo wake, ukuta mmoja, Jumatano,
kila mmoja akimwona mwenzake amekosea kufungua.
Wakapelekeana pilau hivyo hivyo.

Napunguza herufi nusu nukta.
Thelathini inapanda, inakaa, inavuta pumzi.
Kando yake naandika kwa herufi ndogo: mwezi ukitimia.

"Na usipotimia?" anauliza Shebughe, mkono uko kwenye swichi.

Basi mstari utakaa bure siku moja.
Washa.

Nikalihifadhi kwa toleo langu, nikamrudishia Nasoro.
Lilifunguka mara moja, akasema,
halikuuliza chochote.
Ya kwangu yeye anayafungua.
Sikumwambia kitu. Karatasi ya kwanza ilikuwa inatoka,
ina joto, na Badi amesimama anaihesabu kwa kidole,
amefika thelathini,
anaanza tena moja.